Siku Janeth Alipoziba Madirisha

Mwalimu Kristian alipomwambia mkewe kwamba anataka kuyaziba madirisha ya chumba cha chini, Janeth aliendelea kumenya viazi kana kwamba hakusikia. Alimaliza kimoja, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji, akachukua kingine. Halafu akaweka kisu chini.

“Baba Fanueli,” alisema, “wenzetu wakijenga huweka vioo madirishani. Sisi tumekaa na matundu matupu mpaka ndege wamezaa humo. Leo unataka kuweka nini?”

“Nataka yafungike tu. Yasipitishe sauti.”

“Sauti ya nani?”

Kristian alielekeza kidevu upande wa barabarani. Huko mashine ya kupasua mbao ya jirani yao Ibrahimu ilikuwa imeuma gogo la mkaratusi, inalia kama mtu anayeng’olewa jino.

Nyumba yenyewe ilikuwa hadithi. Kiwanja chao kiko kwenye kitongoji juu ya Soni, mahali ambapo mlima umesimama kiasi kwamba ukiangusha kabichi utaikuta kwa jirani. Fundi aliyewaanzishia ujenzi alisema hakuna namna ya kupata sakafu iliyolala sawa ila kuchimba ndani ya mlima, kumwaga zege, kupata kwanza chumba cha chini, na nyumba ikae juu yake. Wakachimba, wakamwaga. Chumba kikapatikana, kirefu na kipana, kuta za zege tupu bila plasta, na juu kabisa karibu na dari vidirisha vitano, kila kimoja cha kutosha mtoto kupenya. Hapo mfuko ukatoboka. Nondo zikabaki zimechomoza juu ya dari, zikashika kutu, na wenyewe wakaendelea kuishi katika nyumba yao ya zamani pembeni. Fanueli, mzaliwa wao wa kwanza, alikuwa shule ya msingi siku ile zege linamwagwa. Sasa ana wanawe Morogoro. Watu walikiita chumba kile handaki la Mwalimu.

Janeth hakuwahi kukiita handaki. Mchanga wa kuta zile aliubeba yeye kichwani kutoka mtoni, ndoo baada ya ndoo, na mtoto mgongoni. Na siku ya kumwaga zege la dari, wanawake walipojipanga mstari wakipokezana makarai, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Kristian alikuwa ameutunga kwa Kishambaa kwa ajili ya kazi ile, wimbo wa mlima unaobeba watoto wake mgongoni na hauchoki. Janeth alizaliwa Vuga, akaja kitongojini akiwa bibi harusi, na watu husema sauti yake ilitangulia kufika kabla ya masanduku yake. Siku ile ilipanda juu ya vishindo vya makoleo, ikakaa huko juu, na mafundi wakajikuta wanachanganya zege kwa mapigo yake.

Lakini ilikuwa imepita miaka kumi na zaidi tangu Janeth aimbe mbele ya watu.

Jambo lilikuwa hivi. Kwaya ya mtaa wao wa kanisa, aliyoifundisha Kristian tangu ujana, iliwahi kuteremka bondeni kwenda kurekodi. Walipanda lori alfajiri, wakashuka kona zote hadi Mombo, wakaendelea na barabara ya joto na vumbi, wakafika studio midomo imekauka. Kijana wa studio aliwasikiliza kwa muda mfupi, akamnyooshea Janeth kidole. “Mama, wewe sauti yako inapasua. Simama kule nyuma kabisa, karibu na mlango.” Akasimama karibu na mlango. Akaimba akiwa anatazama visogo vya wenzake. Kanda zilipokuja, ndani yake mlikuwa na kinanda kutoka mwanzo hadi mwisho, na mahali pa sauti ya Janeth walisikia binti wasiyemjua, ambaye hata maneno ya Kishambaa aliyatamka kama mtu anayetafuna karanga za moto. Jumapili iliyofuata Janeth hakuvaa joho. Alikwenda kukaa kwenye mabenchi pamoja na waumini wengine, na hapo akabaki. Kristian alimbembeleza mara moja tu. Alipoona macho ya mkewe, hakurudia.

Sasa mtaa ulikuwa unajiandaa kwa jubilei, na wazee wa kanisa walitaka nyimbo za Kristian zirekodiwe zote. Safari hii hapakuwa na haja ya kupanda lori. Glory, binti wa mdogo wake Janeth, alikuwa fundi mitambo kwenye redio moja huko Tanga, na alikuwa amepata likizo. Alipiga simu kusema atapanda na maiki zake. “Baba mkubwa,” alimwambia Kristian, “nitafutie chumba ambacho kelele za nje haziingii. Kanisani hapana, bati likidondokewa na tone moja tumekwisha.”

Ndipo Kristian alipolikumbuka handaki.

Alianza kuziba mwenyewe. Alisokota majani ya migomba, akayashindilia kwenye dirisha la upande wa mlimani. Upande wa barabarani, ambako mashine ya Ibrahimu ilikuwa inaelekea moja kwa moja, aliegemeza godoro kuukuu lililokuwa likilaliwa na kuku na kulikaza kwa mabanzi. Janeth alimwona akipanda na kushuka ngazi, akatikisa kichwa, akaenda zake kupalilia karoti. Jioni kwaya ilipokuja kufanya mazoezi, walifika ubeti wa pili, godoro likaachia mabanzi, likateleza taratibu kama mtu mnene anayeshuka kitandani, likamfunika Loveness, mwimbishaji wao wa sauti ya kwanza. Loveness alitoka chini yake akiwa na manyoya ya kuku kichwani. Watu walicheka mpaka mazoezi yakaishia hapo.

Kristian hakucheka. Janeth, aliyekuwa amesimama nje na ungo wake, alimwona akiokota godoro lile peke yake, mabega yameshuka, na moyo ukamchoma.

Glory alifika siku iliyofuata, begi la vyombo mgongoni.

“Shikamoo, mama mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Tanga hakuna chakula?”

Kabla hata ya kunywa chai, Glory alishuka kwenye handaki, akasimama katikati, akapiga makofi mara moja. Pah! Kofi likazunguka kuta zote nne na kurudi. Akavaa hedifoni, akawasha chombo chake, akafumba macho.

“Baba mkubwa,” alisema polepole, “mwangwi huu tutautuliza kwa mablanketi, si kazi. Lakini mashine ya mbao naisikia kama imo humu humu ndani. Jogoo yumo. Pikipiki imepita sasa hivi, nayo imo. Haya madirisha yakibaki hivi, hatutarekodi kwaya. Tutarekodi kitongoji.”

Kristian alikaa juu ya tofali. “Basi,” alisema. “Tutawaambia wazee imeshindikana.”

Neno hilo, *imeshindikana*, lilimuudhi Janeth kuliko alivyotarajia. Wengine walipopanda kwenda kunywa chai, yeye alibaki chini. Alizipapasa kuta. Alijua mahali ambapo zege lilikuwa na kokoto nyingi kwa sababu mchanga uliwaishia na ikabidi akimbie mtoni tena. Unene wa ukuta ulikuwa wa mkono mzima, kutoka kiwiko hadi vidole. Ukuta kama huo, alijiambia, haupitishi kitu. Kinachopitisha ni matundu matano tu. Akatazama huku na huku, akaona yuko peke yake, akatoa sauti moja ndogo, bila maneno. Chumba kilimrudishia. Alistuka, akaziba mdomo kwa khanga kama mtu aliyekamatwa na sukari mkononi.

Kisha akapiga moyo konde, akapanda ngazi, akapita barabarani mpaka kwa Ibrahimu.

Ibrahimu alikuwa ameketi juu ya gogo, kofia yake ya kitambaa imejaa vumbi la mbao. Alizima mashine alipomwona.

“Onga mshi, Ibrahimu,” alimsalimu kwa Kishambaa.

“Karibu, Mama Fanueli. Mbao za nyumba hatimaye?”

“Bado. Nimekuja kuomba maranda. Magunia kama utaweza, yaliyojaa.”

“Maranda yamenijaa mpaka sina pa kukanyaga, chukua. Una kuku wapya?”

“Hapana. Nataka kuziba madirisha ya chumba cha chini ili tusikusikie wewe.”

Ibrahimu alimtazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalishikilia gogo asianguke. “Ewe mama! Unakuja kuniomba maranda yangu ili kelele yangu isiingie kwako?”

“Ndiyo.”

“Nitakuletea mwenyewe,” alisema akijifuta macho. “Na siku ya kuimba niambieni, nitazima mashine kutwa nzima. Sisi ni majirani.”

“Usizime,” Janeth alisema. “Ukizima, tutajuaje kama nimeziba?”

Asubuhi ya pili mkokoteni wa Ibrahimu ulipandisha magunia mpaka mlangoni mwa handaki. Janeth alikuwa ameshafunga khanga kiunoni, mwiko mkononi. Matofali yalikuwapo, rundo lililobaki tangu ujenzi uliposimama, limeota kuvu. Akawaita Loveness na wanawake wengine wa kwaya, akawapanga mstari kama siku ile ya makarai. Tofali likatoka mkono huu likaenda mkono ule, na udongo ukakandwa kwa miguu.

Kristian alisimama pembeni na ngazi yake. “Nisaidie nini?”

“Shika ngazi, baba. Uishike kweli.”

Namna yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Upande wa nje wa dirisha alijenga ukuta wa tofali. Ndani yake akashindilia gunia la maranda, akalipiga ngumi mpaka likajaa kila pembe. Kisha akajenga ukuta mwingine wa tofali upande wa ndani. Udongo wa kukandika aliuchanganya na maranda, akausukuma kwa kidole kila penye ufa, hata ufa wa kupitisha ukucha. Dirisha la upande wa mlimani peke yake ndilo alilolijengea kwa saruji, maana maji ya mvua huteremka hapo. Mengine aliyajengea udongo ili siku wakitaka kuyafungua, yafunguke.

Walimaliza mawili ya barabarani, na kilio cha mashine kikawa mnong’ono. Wakamaliza la mlimani, jogoo akatoweka. Walipoziba la nne, chumba kilikuwa giza nusu, na wanawake walianza kuzungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

La tano lilitazama bonde. Janeth alipanda ngazi na kuchungulia kwa mara ya mwisho: mashamba ya kabichi yamepangwa kama ngazi, moshi wa jiko la mtu, barabara ya Mombo ikipotea kwenye kona. Alifikiri jinsi alivyowahi kujiona amekaa humu ndani, anachambua maharage kwa mwanga wa dirisha hili. Ilikuwa ndoto nzuri. Lakini alikuwa ameikalia muda mrefu mno.

“Nipe tofali,” alisema.

Alipoliingiza lile la mwisho na kulipiga kwa kitako cha mwiko, kimya kikawashukia. Si kimya cha nje, ambacho daima kina mdudu au upepo ndani yake. Kimya hiki kilikuwa kizito kama blanketi. Kristian alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili, taa ya simu ikiwaka mfukoni mwa shati lake.

“Mama Fanueli,” alisema, naye akashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa karibu, “nakusikia unavyopumua.”

Janeth alishuka ngazi. Udongo ulikuwa umemfika mpaka kwenye nyusi. “Sasa katundike mablanketi yako,” alisema.

Jumamosi walirekodi. Mablanketi na vitenge vya wanakwaya wote vilining’inia ukutani kwenye kamba, vya njano, vya bluu, vyenye picha za majogoo na vyenye maandishi ya harusi za watu, na handaki likafanana na gulio la Soni. Glory alikaa kwenye kona na kompyuta yake. Kila wimbo uliimbwa mlango umefungwa na blanketi limeshushwa juu yake. Wimbo ukiisha, mlango unafunguliwa, watu wanatoka kuvuta hewa, wanarudi. Joto lilikuwa la mkate ukiwa tanurini. Janeth alikaa karibu na mlango na ndoo ya maji na kikombe, akiwanywesha mmoja mmoja. Hakuwa na joho. Alikuja kutazama kazi yake ya matofali, hivyo ndivyo alivyojiambia.

Nyimbo zilikwenda vizuri. Mwisho ukabaki wimbo mmoja, ule wa mlima unaobeba watoto wake. Kristian akainua mkono. Loveness, ambaye ndiye huuanzisha siku hizi, alifungua mdomo, akaufumba, akajitoa kwenye mstari.

“Mwalimu, nisamehe,” alisema. “Wimbo huu nilijifunza kwa kumsikiliza mtu. Kila Jumapili ninaiga, na kila Jumapili ninajua ninaiga. Mwenyewe yupo. Amekaa mlangoni na ndoo.”

Kila mtu aligeuka.

“Loveness, usinifanyie hivyo,” Janeth alisema. “Mimi nimezeeka. Sauti yangu inapasua.”

“Nani alisema?” Glory aliuliza kutoka kwenye kona.

“Wataalamu walisema. Walinipeleka mlangoni.”

Glory alivua hedifoni, akaja, akampokea ndoo kwa mikono miwili kama inavyompasa mtoto, akaiweka chini. “Mama mkubwa, umenizibia madirisha matano. Chumba hiki hakitoi kitu nje na hakiingizi kitu ndani. Pasua utakavyo. Simama hapa mbele.” Akamsogezea maiki, akaipandisha kidogo, akairudisha nyuma hatua moja. “Mama hasogei. Maiki ndiyo itakayosogea.”

Janeth alimtazama Kristian. Mumewe alikuwa bado ameinua mkono. Hakumwambia imba, wala hakumwambia usiimbe. Alimngoja tu, kama alivyomngoja miaka yote hii.

Akaanza.

Neno la kwanza lilitoka na kutu kidogo. La pili likateleza. Alipofika pale mlima unapoulizwa kama hauchoki, sauti ikafunguka yenyewe, ikapanda, na safari hii haikukuta pa kutorokea. Ilijaa chumba kama maji yanavyojaa mtungi, mpaka kwenye pembe alizozikandika kwa kidole chake. Sauti ya pili ikaingia chini yake, kisha ya tatu, kisha wanaume wa sauti ya nne, ambao kwa kawaida huchelewa, wakaingia kwa wakati. Janeth hakuona visogo vya watu. Aliona nyuso. Mzee mmoja wa sauti ya nne alikuwa akilia bila kujificha na bila kuacha kuimba. Ubeti wa mwisho aliuongeza mwenyewe, ule ambao Kristian aliutunga na hawakuwahi kuuimba tangu siku ya zege, na kwaya ikamfuata kama vile ilikuwa imeufanyia mazoezi mwaka mzima.

Wimbo ulipokwisha, hakuna aliyesogea. Glory aliinua kiganja kuwazuia, akasikiliza mpaka ukimya nao ukaingia kwenye chombo chake. Kisha akabonyeza kitufe.

“Imepatikana,” alisema. “Mara moja tu, sirudii. Na mashine ya mbao haimo, jogoo hayumo, pikipiki haimo.”

“Labda Ibrahimu amezima,” mtu mmoja alisema.

Kristian akaenda mlangoni, akapandisha blanketi, akafungua. Kelele ya mashine ikawavamia wote kwa mkupuo mmoja, kali, ya meno matupu, ikipasua gogo kwa nguvu zake zote. Handaki zima likalipuka kwa vigelegele. Wanawake wakamnyanyua Janeth, wanaume wakapiga kuta za zege kwa viganja, na Loveness akapiga kigelegele kirefu hadi Ibrahimu akazima mashine yake kwa hofu, akavuka barabara mbio, kofia mkononi, akidhani kuna mtu ameumia.

“Kuna nini?” alihema.

“Hatukukusikia!” Janeth alimpigia kelele. “Ibrahimu, hatukukusikia hata kidogo!”

“Alhamdulillahi!” Ibrahimu alijibu, akaingia kupewa mkono na kila mtu, kama bwana harusi.

Siku ya jubilei nyimbo zilipigwa uwanjani kwa spika kubwa. Wimbo wa mlima ulipoanza, Janeth alikuwa jikoni na wanawake wengine, akigeuza ugali, na aliposikia sauti ile ikiteremka bondeni mpaka upande wa pili na kurudi, alisimama na mwiko hewani. Hakujua kwamba ndivyo anavyosikika. Mdogo wake akampigia simu kutoka Vuga: kuna mtu ametumiwa wimbo kwenye simu, na watu sokoni wanauliza ni nani huyo. “Waambie ni dada yako,” Janeth alimjibu, na hakuongeza neno la unyenyekevu.

Kwaya ya Wakatoliki kutoka Soni ilikuwa ya kwanza kuja kuomba chumba. Ikafuata madrasa, watoto wa kaswida, walioletwa na Ibrahimu mwenyewe. Hakuna anayesema handaki tena. Husema kwa Mama Fanueli.

Fanueli naye aliusikia wimbo huko Morogoro, akapanda likizo iliyofuata na fundi wa kuanzisha kuta za juu. Kristian alimuuliza mkewe kama sasa madirisha ya chini wayafungue, waweke vioo kama alivyotaka zamani.

“Ya chini yaache hivyo hivyo,” Janeth alisema. “Vioo weka juu, vikubwa, upande wa bonde.” Akatazama jua, akakumbuka kwamba ni Alhamisi, siku ya mazoezi ya kwaya, akachukua joho lake lililofuliwa na kupigwa pasi. “Na waambie wanaume wa sauti ya nne waje mapema. Leo atakayechelewa kuingia, mimi mwenyewe nitamweka karibu na mlango.”